Chaki Mlangoni kwa Mama Mkwe

Mkono wa Bwana Chokaa ungali juu ya pazia. Mliuacha hapo, na wengine wenu mmeninunia wiki nzima kwa sababu hiyo. Haya, msininunie tena. Tunalivuta.

Pazia lilivutwa kwa nguvu hata kamba ikakatika.

Ndani, kitanda. Juu ya kitanda, blanketi la kijivu lililofunuliwa nusu. Chini, kikombe cha uji ambao bado ulikuwa unatoa mvuke. Mtu, hakuna.

Kimutai alisikia majirani wakishusha pumzi nyuma yake. Yeye mwenyewe hakuona lolote. Alikuwa amesimama uani, kofia ya kaki mkononi, uso ameugeuza upande wa ziwa, kwa sababu chumba kile alilala mama wa mke wake. Mkipsigis wa miaka ile hakuingia chumba cha mama mkwe. Hata kuchungulia hakuchungulia.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, mambo yako hivi. Homa ya matumbo imeingia Kambi Chumvi, mji mdogo wa kando ya ziwa, stesheni chache kutoka Nakuru. Bodi ya mji inataka Kambi Chumvi pawe mahali pa starehe: hoteli, bustani, mashua, wageni kutoka Nairobi wakija kutazama ndege heroe na kupunga upepo. Laini ya Chini, ambako wafanyakazi wanakaa, iko pale pale bustani inapotakiwa ifike. Basi Bodi ikatangaza kwamba nyumba ikikaguliwa ikawa safi, mlango wake upigwe duara la chaki nyeupe. Ila laini itakayokutwa imeficha mgonjwa, itapigwa msalaba mwekundu, itavunjwa, na watu wake watarudishwa rizavu, makwao walikotoka. Na ilikuwa miaka ya Emajensi, hali ya hatari. Mtu akitolewa mjini, kurudi ilikuwa ndoto.

Mpiga chaki alikuwa Kimutai, msaidizi wa Bwana Afya. Aliingia kila nyumba, akainua kila godoro, akachungulia kila mtungi. Kasoro nyumba moja. Kwa mama mkwe alisimama uani akakohoa, kama mkwe mwenye adabu. Kutoka ndani akajibiwa kwa kikohozi. Kimutai akapiga duara mlangoni, akaenda zake, akahesabu kazi imekwisha.

Kumbe kazi ilikuwa haijaanza.

"Nani nalala hapa?" Bwana Chokaa aliuliza. Huyu ndiye Bwana Afya mwenyewe, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu. Jina lake la kwao watu wa Laini hawakuwa na haja nalo. Kila ugonjwa aliutibu kwa kupaka ukuta chokaa, na jina likapatikana hapo.

"Mimi," alijibu Taprandich, mama mkwe, shuka begani, kidevu juu.

"Na hii uji?"

"Yangu. Mimi ni mzee, bwana. Nakunywa uji saa yoyote nataka."

Ephantus, karani wa Bodi, alicheka puani. Ndiye aliyepeleka maneno ofisini kwamba duara la nyumba hii lina walakini. Ephantus alikuwa na suruali iliyopigwa pasi ikanyooka kuliko mwenyewe, na alikuwa ameahidiwa nyumba ya matofali ng'ambo ya reli, bustani ikishapandwa. Aliinama, akaweka kiganja juu ya shuka la kitanda.

"Imelowa jasho, bwana," alisema. "Na iko moto. Mtu ametoka hapa saa hii. Ona dirisha, iko wazi."

Bwana Chokaa akatoka uani.

"Kimutai! Ile siku ya chaki, wewe naingia hii chumba?"

Ulimi wa Kimutai ulikauka. Ephantus hakumpa nafasi ya kuulowesha.

"Mwambie aingie sasa, bwana. Kama aliingia siku ile, hata leo ataingia. Si ni chumba tu?"

Kila mtu pale alijua Kimutai anaambiwa nini. Akiingia, amemvua nguo mama wa mke wake mbele ya watu. Asipoingia, amekiri kwamba duara lake ni la uongo. Alitazama mlango. Akatazama viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ikakaa vile vile.

"Sikuingia, bwana."

"Nini?"

"Sikuingia. Hiyo ni chumba ya mama mkwe wangu. Nilikohoa, nikajibiwa, nikapiga chaki."

Bwana Chokaa alimgeukia Ephantus. "Nakohoa?"

"Alikohoa, bwana."

Shingo ya Mzungu ilizidi wekundu. Alimnyang'anya Kimutai mkoba wa chaki, akamnyang'anya na kofia, vyote akamtwika karani. Kofia ilimwingia Ephantus mpaka kwenye masikio, lakini hakuivua.

"Sikia, Laini yote!" Bwana Chokaa alipaza sauti. "Mgonjwa iko. Kama nyinyi naleta yeye kwa gari ya hospitali mbele ya kengele ya jioni, yeye nakwenda Nakuru napata dawa, na Laini napaka chokaa tu. Kama kengele nalia na mgonjwa bado najificha, msalaba mwekundu. Kesho trakta."

Akaenda kungoja kwenye gari la hospitali, lililokuwa limesimama kando ya mfereji wa maji wa Laini. Mfereji wenyewe ulikuwa mkavu. Nyakio, muuza uji wa nyumba ya pili, hakuweza kujizuia.

"Mnafunga mfereji yetu mkinyweshea maua ya hoteli!" alimfokea mgongoni. "Tukichota maji ya mashimo huko ziwani tukiugua, mnasema sisi ni wachafu!"

Mzungu hakugeuka. Basi Nyakio akamgeukia aliye karibu.

"Na wewe Kimutai, kikohozi yako itatuvunjia nyumba. Watoto wangu nitawapeleka wapi mimi?"

Miguu ilimwasha. Aliondoka pale akaenda bafuni, hakuna mtu. Akaenda vyooni, akaenda nyuma ya stoo ya makaa, akavuka uwanja mpaka kwenye mashua za hoteli zilizokwama kwenye tope kavu, maana ziwa lilikuwa limezikimbia mwaka ule. Akafunua turubai moja baada ya jingine. Vumbi la magadi likampiga machoni. Alikuwa akimtafuta mtu asiyemjua jina wala sura, na jua lilikuwa linateremka.

Alimlaani mgonjwa yule moyoni. Nani huyu aliyekuja kujificha hapo hasa, kwa mama mkwe wake, amponze?

Akarudi mbio, akapita nyuma ya nyumba ya Taprandich bila kuinua macho, kama adabu inavyotaka. Lakini upepo ukamwinulia macho mwenyewe. Kwenye msumari wa dirisha kitambaa kilikuwa kinapepea. Kitambaa cha kichwa, maua ya manjano, pembe moja imeungua na pasi.

Kimutai alikinunua Nakuru siku alipopata kazi ya Bodi. Na pembe ile aliiunguza yeye mwenyewe, akijaribu kumsaidia mke wake kazi za nyumbani, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jepchumba. Mke wake. Jepchumba aliyeaga wiki iliyopita kwamba anakwenda Longonot, dada yake amejifungua.

Alizunguka mpaka mbele. Taprandich alikuwa amekaa kizingitini kwenye kigoda, anachambua managu, kuku wake mwekundu akidonoa majani karibu na miguu. Kimutai alisimama mbali, akampa ubavu. Mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu.

"Nyakio," aliita, "hebu niulizie jambo."

"Mimi nimekasirika," Nyakio alijibu kutoka mlangoni kwake. "Ulizaneni wenyewe."

Basi akabaki kuku.

"Wewe kuku," Kimutai alisema. "Hiyo kitambaa iko dirishani ni ya nani?"

Taprandich hakuinua uso kutoka kwenye mboga. "Kuku, mwambie huyo mtu kitambaa ni ya mwenye ameenda Longonot."

"Kuku, kitambaa haiwezi kupanda treni irudi peke yake."

Mikono ya mama mkwe ilisimama. Majani ya managu yakaanguka, kuku akayavamia.

"Kuku," mama alisema polepole, "msichana alikuja kwangu akitetemeka. Akaniambia, mama, nikiugua kwa nyumba yangu, bwanangu atafanya nini? Atapiga msalaba na mkono yake, watu wote wafukuzwe kwa ajili yangu. Ama atanificha, afukuzwe yeye. Nifiche mahali hawezi kuingia." Akafuta pua kwa pembe ya shuka. "Mahali kama hiyo ni moja tu, kuku. Ni chumba yangu."

Kimutai alikasirika mpaka akaona giza. Papo hapo akampenda mke wake kuliko siku aliyomwoa. Hakujua afanye nini na mambo hayo mawili, akabaki kukunja na kukunjua vidole.

"Ameenda wapi sasa?"

Kuku alinyamaza. Taprandich aliokota managu yake. Lakini nyuma ya pazia lililofungwa upya kwa fundo, mtu alikohoa.

Kikohozi kifupi, kikavu, kinachoishia na pumzi ndefu. Kimutai alikuwa amelala kando ya kikohozi hicho kila msimu wa baridi tangu arusi. Na ndicho kilichomjibu siku ya chaki! Akili zake siku ile zilikuwa wapi? Alikuwa amesimama mahali hapa hapa, amemkohoa mke wake, akajibiwa na mke wake, akapiga duara na kushukuru kwamba mama mkwe ni mzima.

Jepchumba alikuwa amerudi kwa dirisha. Chumba kilichokwisha kupekuliwa nani angekipekua tena?

"Mtoe!" Kimutai alisema, na safari hii alimsahau kuku. "Gari iko pale. Kengele haijalia. Nakuru kuna dawa!"

"Babake alibebwa na gari kama hiyo," Taprandich alijibu, naye akamsahau kuku. "Waliniambia nitaletewa yeye akipona. Nililetewa blanketi. Mimi sitoi mtoto wangu."

Akanyoosha mguu wake wa kulia ukavuka mlango mzima, akautuliza hapo.

"Mwenye anataka, aingie. Mimi nimekaa."

Alijua anachosema. Polisi angeweza kuuruka mguu ule, na Bwana Chokaa, na hata karani. Mkwe hawezi. Taprandich alikuwa amemfungia mkwe wake mlango ambao hauhitaji komeo.

Upande wa mfereji, Bwana Chokaa alitazama saa yake akainua mkono. Mzee wa kengele akaondoka kwenye kivuli kuelekea kwenye kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi ya Bodi. Na Ephantus akaja, kofia masikioni, chaki nyekundu kidoleni, umati ukimfuata huku wanawake wameanza kulia.

Kimutai aliinama akafungua kamba za viatu. Viatu vilikuwa vya Bodi, akaviacha mchangani. Akamwendea mama mkwe, akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu ampose Jepchumba akamtazama machoni.

"Mama, nisamehe. Wazee wakisema mbuzi, nitatoa. Wakisema ng'ombe, nitauza baiskeli nitoe. Lakini akifa humu ndani, mimi nitakuja kukuheshimu wewe kama mama ya nani?"

Nyakio aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Taprandich alikuwa hajawahi kulitamka jina la mkwe wake. Alikuwa akimwita yule, akimwita mtu wa Jepchumba, akimwita mwenye baiskeli. Alimtazama sasa. Kisha, polepole, akauvuta mguu.

"Kimutai," alisema. "Ingia. Chunga kichwa, mlango ni fupi."

Akaingia.

Ndani palinuka jasho na majani ya kuchemsha. Jepchumba alikuwa amejikunja kitandani, macho makubwa, midomo imepasuka.

"Umeingia?" alinong'ona.

"Nimeingia."

"Na mama?"

"Ameniita jina."

Jepchumba alitaka kucheka, akalia. Kimutai alichomoa kitambaa dirishani, akamfunga kwa blanketi, akapitisha mikono chini yake. Alikuwa mwepesi mno, na wepesi huo ulimtisha Kimutai kuliko msalaba wa Bodi.

Alipogeuka atoke, kitu kilimshika kifundo cha mguu.

Mkono. Ulitoka chini ya kitanda, mkono wa moto kama jiko. Kimutai aliinama akiwa bado amembeba mke wake, akaona uso wa mwanamke mwingine amelala kwenye mkeka. Akamtambua. Nusura amwangushe Jepchumba.

"Usimwambie," mwanamke yule alisema. "Aliniambia kwa nyumba yake hakuna mtu wa kuugua. Anangoja matofali."

"Alinifuata kwa dirisha siku ya pili," Jepchumba alisema, kichwa kikiwa begani mwa mumewe. "Mama hakuweza kumfukuza. Leo pia tumetoka na kurudi pamoja. Usimwache, Kimutai."

Kimutai alichunga kichwa, akatoka.

Watu walimpisha. Alimbeba Jepchumba mpaka kwenye gari la hospitali akamlaza, Taprandich nyuma yake ameshika kikombe cha uji asijue ampe nani. Mama alipanda garini akakaa miguuni mwa binti yake. Hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke. Mzee wa kengele alikuwa ameshika nyundo, anangoja ishara.

"Mzuri," Bwana Chokaa alisema. "Mgonjwa nakuja. Laini napaka chokaa."

Vigelegele vikaanza. Ephantus akavikata.

"Ngoja kwanza, bwana! Huyu ni bibi yake. Yeye ndiye mpiga chaki, na bibi yake ndiye mgonjwa! Nani anajua wamefichana wangapi humo?" Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa Taprandich, akaigusisha chaki nyekundu kwenye ubao, juu ya duara jeupe. "Kama kuna mwingine ndani, hiyo ni kuficha. Bwana umesema mwenyewe, msalaba."

Bwana Chokaa alifikiri. Bustani ya hoteli ilikuwa upande ule, na wakubwa wa Bodi walikuwa wakiingoja.

"Kama iko mwingine," alisema, "na kengele nalia, msalaba."

Ephantus alivuta mstari wa kwanza, kutoka juu mpaka chini. Alivuta taratibu, akionja.

"Sema, Kimutai!" alipiga kelele, ili watu wote wasikie. "Kuna mtu ndani ama hakuna?"

Kimutai alikuwa amerudi, amesimama peku mbele ya mlango, kitambaa cha maua ya manjano mkononi. Akisema hakuna, Laini imepona, na mwanamke wa mkekani atafia pale pale alipo. Akisema yuko, chaki itavuta mstari wa pili. Alimtazama Nyakio, ambaye kila asubuhi alimpimia karani uji wa deni tangu mke wa karani, Mugure, asemekane amekwenda kwao Njoro kuvuna. Akautazama mkono wa Ephantus, ambao haukuwa ukitetemeka hata kidogo.

"Kuna mtu," alisema.

Kilio kikapanda Laini nzima. Ephantus aliinua chaki kwa mstari wa pili. Kule mbele ya ofisi, mzee wa kengele akainua nyundo.

"Lakini kengele haijalia bado," Kimutai alisema, akamfungulia mlango. "Ingia umtoe na mikono yako, karani. Wewe hapa huna mama mkwe. Una bibi."